Paipu za umeme zilizofukiwa ukutani na kwenye slabu: nitajuaje zinapita wapi bila kutindua sebule nzima?

#1 Mwana Isamilo
Wakuu, habari za jioni. Ninaomba msaada katika jambo linaloninyima usingizi kwa wiki ya tatu sasa. Nyumba yetu ya familia iko Isamilo, hapa Mwanza, ina ghorofa moja, na marehemu baba aliijenga mwaka 1987 juu ya mteremko wa mawe. Mafundi waliotandaza nyaya hawapo tena, mchoro haukuachwa, na kuta zote zimepigwa plasta na kupakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Soketi mbili za sebuleni, zile za ukuta unaotazama ziwa, zimekosa umeme ghafla. Saketi breka haijaanguka na soketi nyingine zote zinafanya kazi. Nilipozifungua hizo mbili nilikuta nyutro na ethi zimeungana vizuri hadi kwenye meinswichi, lakini waya wa moto umekatika mahali fulani njiani.

Nimejaribu kuzivuta nyaya za zamani ili niingize mpya, nazo hazisogei hata chembe kutoka upande wowote. Nikapenyeza waya mwembamba wa chuma pembeni mwake: kutoka meinswichi ulikwenda mita 5.4 ukagota, na kutoka soketi ya kwanza ulikwenda mita 1.9 ukagota. Mama yangu anaishi humo, na plasta ile baba aliipiga kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo sitaki kuitindua kwa kubahatisha. Natanguliza shukrani.

#2 Fundi Nyakato
Pole, mkuu. Kabla ya jambo lolote, zima meinswichi yote, si breka moja tu, kisha uhakikishe kwa kipimo unachokiamini: kijaribu kwanza mahali penye umeme unaoujua, pima nyaya zako, halafu rudi ukijaribu tena pale pa mwanzo. Tesita ya bisibisi yenye kitaa ndani usiitegemee. Nimeiona ikikaa kimya juu ya waya wenye volti 230 kwa sababu aliyeishika alikuwa amevaa viatu vya mpira na kusimama juu ya ngazi ya mbao.

Sasa tupe vipimo. Meinswichi iko juu kiasi gani kutoka sakafuni, soketi iko juu kiasi gani, slabu iko wapi, na paipu inaingia kwenye maboksi hayo kutoka juu, chini au ubavuni? Bila hayo sote tutakuwa tunapiga ramli.

#3 Mwashi wa Igoma
Mimi ni mwashi, na slabu nimemwaga tangu mwaka 1994. Ninakuambia kwa uhakika kwamba paipu hiyo imepita kwenye slabu, tena kwa mshazari. Nondo za chini zikishafungwa, fundi umeme huja na paipu zake, anazilaza juu ya nondo hizo kutoka kona moja kwenda nyingine kwa njia fupi kuliko zote, anazifunga kwa waya wa kufungia nondo, ndipo sisi tunamwaga zege. Hakuna anayezungusha paipu kwenye kona za chumba wakati anainunua kwa fedha yake. Ukisimama chini ya slabu, usitafute paipu sambamba na ukuta. Itafute kama kamba iliyovutwa kutoka kwenye meinswichi hadi juu ya soketi.

#4 Mwana Isamilo
Asanteni. Vipimo ni hivi. Kitovu cha meinswichi kiko mita 1.6 kutoka sakafuni, soketi iko mita 0.4, na slabu iko mita 2.8. Nikipima sakafuni kwa kufuata kuta, kutoka chini ya meinswichi hadi kwenye kona ni mita 4.8, na kutoka kwenye kona hadi chini ya soketi ni mita 3.6. Kwenye soketi paipu inaingia ubavuni, upande wa kulia, kisha inapinda mara moja na sioni inaelekea juu au chini. Kwenye meinswichi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ile ya zamani iliondolewa ikawekwa kubwa iliyofunika matundu ya awali, na nyaya zote zinaingia kwa nyuma.

#5 Mhandisi wa Nyegezi
Vipimo hivi vinatosha kufanyia hesabu. Pande mbili za mita 4.8 na 3.6 zinatupa mshazari wa mita 6.0 kamili. Kama Mwashi yuko sahihi, paipu inapanda mita 1.2 kutoka meinswichi hadi slabu, inakwenda mita 6.0, kisha inashuka mita 2.4 hadi soketi, jumla mita 9.6. Kama imepita chini ya sakafu kwa mshazari, inashuka mita 1.6, inakwenda 6.0 na kupanda 0.4, jumla mita 8.0. Waya wako umeingia mita 5.4 na 1.9, yaani mita 7.3 kwa pamoja. Kwa njia ya sakafu kipande kisichofikiwa kingekuwa na urefu wa mita 0.7 tu, na kwa njia ya slabu kingekuwa mita 2.3.

Kuna mtego hapa, nao ni kwamba njia ya tatu, ya kuzunguka ukutani, inatoa mita 4.8 na 3.6 na tofauti ya kimo ya 1.2, ambazo nazo ni mita 9.6. Urefu peke yake hauwezi kuamua kati ya njia mbili zilizolingana, hata ukiupima kwa kifaa cha gharama kubwa kinachotuma mpigo wa umeme na kuhesabu muda unaorudi.

Jambo la kutazama ni mita 1.9 za upande wa soketi. Kama paipu inapanda, waya wako umegota kwenye kimo cha mita 2.3 ukutani. Kama inashuka, umegota mita 1.5 ndani ya jamvi, yaani zege la sakafu. Pachunguzeni hapo pawili kabla ya kwingine kokote.

#6 Mama Kirumba
Hesabu ya Mhandisi ni nzuri, lakini amesahau mlango. Mleta uzi hajasema, ila sebule nyingi za Isamilo za miaka hiyo zina mlango wa veranda kwenye ukuta ule ule wa meinswichi. Paipu ya ukutani haiwezi kukatisha katikati ya mlango. Lazima ipande juu ya lenta, ipite, kisha ishuke. Kama lenta iko mita 2.1 na paipu imepita kwenye 2.2, itapanda 0.6, itakwenda 8.4 na kushuka 1.8, jumla mita 10.8, wala si 9.6.

Mimi nina nyumba ya kupangisha huku Kirumba. Fundi wa makabati alitoboa ukuta wangu mita moja juu kabisa ya soketi, akaipata paipu katikati, tundu lake likapita kwenye waya wa moto. Namshukuru Mungu kwamba drili yake ilikuwa na kifuniko cha plastiki. Tangu siku hiyo simruhusu mtu kutoboa ukuta kwenye mstari wa wima au wa mlalo kutoka kwenye soketi au swichi yoyote.

#7 Mwana Isamilo
Mama, shikamoo. Mlango upo, hapo hapo ulipousema.

#8 Mhandisi wa Nyegezi
Nimesahihishwa, na ninashukuru. Sheria anayoifuata Mama Kirumba ina mizizi. Kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo mafundi wetu wengi wamefundishwa kwa mfano wake, zinataka waya uliozikwa ukutani kwa kina kisichofikia milimita 50 upite wima au mlalo kutoka kwenye soketi au swichi yake, au ndani ya milimita 150 kutoka darini, au ndani ya milimita 150 kutoka kwenye kona ya kuta mbili. Fundi aliyefuata kanuni hizo anakuachia ramani hata bila karatasi. Zingatia, hata hivyo, kwamba hayo ni ya ukutani. Ndani ya slabu mshazari wa Mwashi ndio desturi.

#9 Mkazi wa Bukoba
Salaam kutoka ng'ambo ya ziwa. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 nyumba yetu ilipata nyufa, na baadhi yake zilipanda wima kutoka kwenye kila swichi kama zilizochorwa kwa rula. Fundi alitueleza kwamba pale ukuta ulipotinduliwa ili paipu ilazwe, kisha ukazibwa, kuna kipande kilichoshikamana na wenzake kwa nguvu ndogo, na ndicho kinachoachana kwanza.

Huna haja ya kungoja tetemeko. Subiri usiku, zima taa zote, chukua tochi yenye mwanga mkali na uilaze ukutani kabisa, shavu la tochi likigusa plasta, mwanga ukienda sambamba na ukuta. Sogea polepole. Kila kibonde na kila kinundu kitatupa kivuli.

#10 Mwana Isamilo
Nimefanya hivyo jana usiku, na ninawaandikia nikiwa bado na mshangao. Mwanga ulipolala juu ya ukuta, plasta niliyoijua tambarare tangu utotoni iligeuka mabonde na matuta. Alama za mwiko wa baba zinaonekana kila mahali, nusu duara juu ya nusu duara, zote zikielekea kulia kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Juu ya soketi, kidogo upande wa kulia, kuna ufa mwembamba kama unywele unaopanda wima. Ufa huo unaishia kwenye mraba wenye upana wa kiganja changu, ambamo plasta imezama kwa unene wa kadi ya simu, na ndani yake alama za mwiko zimenyooka kutoka juu kwenda chini. Mkono mwingine ndio ulioziba hapo. Nilipopima, kitovu cha mraba kiko mita 2.3 na sentimita mbili kutoka sakafuni.

Mama anakumbuka kwamba miaka mingi iliyopita alikuja fundi kuweka taa za nje, na kwamba baba alikasirika kwa jinsi ukuta ulivyozibwa.

#11 Fundi Nyakato
Hilo ni boksi la maungio lililopigwa plasta juu, na ugonjwa wako umo humo. Waya ulisokotwa kwa mkono, ukafungwa kwa utepe, ukalegea kwa joto la miaka. Ndiyo maana nyaya hazivutiki: zimefungwa fundo katikati. Nyutro na ethi bado zinashika, moto umeachia. Boksi la maungio linapaswa kufikika siku zote, na aliyelizika alikutendea vibaya.

#12 Mwashi wa Igoma
Mraba unaweza pia kuwa tundu la kiunzi. Tulipokuwa tunajenga kwa majukwaa ya mbao tuliacha nafasi ukutani za kupitisha nguzo za mlalo, kisha tukaziba mwishoni. Ukizibwa na kibarua, mwiko wake hautafanana na wa mwenye nyumba. Bado ninasema paipu imebanwa ndani ya slabu.

#13 Kijana wa Pasiansi
Wakuu, mnajitesa bure. Kuna programu za simu zinazogundua vyuma ukutani, na kuna vigunduzi vinavyouzwa mjini vinavyolia vikipita juu ya waya wenye umeme. Apitishe tu, amalize kazi.

#14 Mhandisi wa Nyegezi
Kijana wangu, programu ya simu inatumia dira iliyomo ndani ya simu. Dira huhisi chuma chenye sumaku, kama nondo au msumari, lakini haihisi plastiki wala shaba. Akiipitisha chini ya slabu atapata ramani nzuri sana ya nondo za Mwashi.

Kigunduzi cha umeme ni habari nyingine, na hapa kina faida ambayo hakuna aliyeitaja. Kinahisi uga unaotokana na volti, hata kama hakuna mkondo unaopita. Waya wa moto umekatika, lakini kipande chake kutoka meinswichi hadi pale ulipokatika bado kina volti 230 breka ikiwashwa, na kipande cha baada ya hapo hakina. Akikipitisha ukutani anaweza kuona mahali kilio kinapoishia. Kasoro ziko mbili. Plasta yenye unyevu inausambaza uga huo hadi ukuta mzima ulie, na kipande kilichokatika kinaweza kuazima volti kutoka kwenye nyaya jirani kikalia kidogo. Ndani ya slabu, wavu wa nondo unauzuia uga usifike kwako, hivyo ukimya wa slabu hauthibitishi chochote.

#15 Mvuvi wa Nansio
Sisi Ukerewe hatuna vifaa hivyo, lakini tuna redio ya mkulima. Weka bendi ya masafa ya kati, kwenye nafasi isiyo na kituo, washa kifaa chenye kelele ya umeme kama chaja ya bei nafuu kwenye soketi ya mstari huo, kisha pitisha redio ukutani. Mngurumo unapanda juu ya paipu. Kwa njia hiyo tulipata nyaya za zahanati yetu bila kuvunja tofali hata moja.

#16 Fundi Nyakato
Njia ya redio ni ya kweli, nimeiona ikifanya kazi. Lakini soketi zake hazina umeme, mkuu, chaja ataichomeka wapi?

#17 Mvuvi wa Nansio
Nimekosea hapo. Ataichomeka kwenye soketi iliyo hai ya saketi hiyo hiyo, na kelele itasafiri pia kwenye kipande cha kuelekea zilizokufa.

#18 Mhandisi wa Nyegezi
Itasafiri, ila pia itasambaa kwenye nyaya zote zinazotoka meinswichi. Kifaa cha mafundi cha kufuatilia nyaya kinatumia wazo hilo hilo kwa usafi zaidi: unafunga kitoa mlio kwenye waya uliozimwa, na unashika kipokezi mkononi. Wengi wanakosea katika kukifunga. Wanaweka ncha moja kwenye waya wa moto na nyingine kwenye nyutro ya paipu hiyo hiyo, mkondo unakwenda kwa mmoja na kurudi kwa mwenzake ulio milimita chache pembeni, na nguvu zao zinafutana. Kipokezi kinasikia kidogo sana. Unatakiwa kuufunga waya mmoja tu na kurudisha mkondo kwa njia ya mbali, kwa kawaida fimbo ya ethi iliyochomekwa ardhini nje ya nyumba.

Hapo ndipo mawe ya Mwanza yanapotutesa. Isamilo, Bugando na Capri Point unachoma fimbo sentimita 40 ukakutana na jiwe kavu la matale, ambalo halipitishi umeme kwa urahisi, na mlio unakuwa dhaifu. Mimi huchukua waya mrefu wa muda, naupitisha sakafuni upande wa pili kabisa wa chumba hadi kwenye mwisho wa paipu, na mkondo unarudi kwa huo.

#19 Mzee wa Musoma
Vijana, nimesoma uzi wote kwa makini. Hakuna aliyeuliza paipu yenyewe ni ya nini. Miaka ya katikati ya themanini vifaa vilikuwa adimu. Nyumba nyingine zilipata paipu za chuma zilizobaki kwenye majengo ya zamani, na katika kazi niliyoifanya mwenyewe mwaka 1986 tulitumia mpira mweusi wa maji kwa sababu kondiuti hazikupatikana. Ule mpira ni laini. Toroli la zege likipita juu yake kabla zege halijamwagwa unalala bapa, na nyaya zinabanwa milele. Kama ni chuma, mlio wa Mhandisi utamezwa na paipu, lakini sumaku na programu ya yule kijana zitafaa. Mwana Isamilo, toa kifuniko cha soketi, kwangua mdomo wa paipu kwa kisu na utuambie.

#20 Kijana wa Pasiansi
Shikamoo, mzee wangu. Nashukuru kwa kunirudishia heshima ya programu yangu.

#21 Mwana Isamilo
Mzee, shikamoo. Kwenye soketi ni plastiki ya kijivu, ngumu, kipenyo cha nje milimita 20. Kwenye meinswichi nimeangaza kwa tochi nyuma kabisa, kuna midomo mitano ya paipu, na mmoja wao ni mweusi na unabonyea kwa kucha. Sijui kama ndio wa mstari huu.

Kigunduzi nimeazima. Kinalia ukutani kutoka kwenye slabu hadi kwenye mraba na kunyamaza chini yake, jambo linalomuunga mkono Fundi Nyakato. Lakini kinalia pia kwenye eneo pana la chini, karibu na kona, ambako bafu la upande wa pili limewahi kuvuja.

#22 Mzee wa Musoma
Marahaba. Plastiki huku na mpira kule maana yake paipu zimeungwa njiani, na pale plastiki ya milimita 20 inapoingizwa ndani ya mpira kuna mdomo unaokamata ncha ya waya wako wa chuma. Mita 5.4 zako huenda ni kiungo hicho tu, wala hakuna kilichobanwa.

#23 Msomaji wa Buhongwa
Je, kamera ya joto haiwezi kusaidia? Niliona fundi akiwasha birika la umeme kisha akaona mstari mwekundu ukutani.

#24 Mhandisi wa Nyegezi
Kwa mstari mzima ulio chini ya plasta nyembamba inawezekana. Birika la wati 2000 kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7 hivi. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa takriban miliomu 7.4 kwa mita, hivyo nyaya mbili zinatoa joto la wati 1.1 hivi kwa kila mita. Ni joto dogo, na ndani ya zege la sentimita 15 linapotea. Pia, kama Fundi alivyomwambia Mvuvi, mstari huu umekatika, kwa hiyo birika halitavuta kitu. Radari ya zege ingeiona slabu kwa ndani, na picha ya mionzi ingeiona vizuri zaidi, lakini mionzi inahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki na watu wote waondoke ndani. Kwa soketi mbili hatufiki huko.

#25 Dada wa Butimba
Sisi tulifunga kipande cha mfuko wa nailoni kwenye uzi wa kushonea, tukauingiza kwenye mdomo wa paipu, tukaweka mashine ya kufyonza vumbi upande wa pili. Uzi ulitokea baada ya sekunde chache, tukavuta kamba, kisha nyaya.

#26 Fundi Nyakato
Njia nzuri kwa paipu tupu, dada. Hata hivyo inakuambia tu kwamba mdomo huu umeungana na mdomo ule. Aliyeuliza anataka kujua paipu inakopita ili asiitoboe na aifikie, na hayo ni maswali mawili tofauti. Hata moshi na pumzi ni hivyo hivyo.

#27 Mama Kirumba
Kwa nini asiziache hizo za zamani, akapitisha nyaya mpya juu ya ukuta kwenye vijibomba vyeupe vya mraba? Mimi nilifanya hivyo na wapangaji hawajalalamika. Zile za ndani azitenge pande zote mbili, azizibe ncha na aziandike kwamba zimeachwa.

#28 Mwana Isamilo
Mama, nimelifikiria, na kama nitashindwa nitafanya hivyo. Lakini mama mzazi ameniambia maneno ambayo siwezi kuyapita: mraba ule si kazi ya baba, hivyo nikiufungua sijamharibia chochote. Jumamosi atakuja fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nami nitashika tochi.

#29 Mwana Isamilo
Wakuu, ninarudi na majibu, ingawa si yote. Tulizima meinswichi, tukapima kama Fundi Nyakato alivyoelekeza. Fundi alikata kingo za mraba kwa kisu ili rangi isichanike, kisha akagonga katikati kwa patasi ndogo. Plasta ilitoka kama kifuniko cha chungu, kipande kimoja. Nyuma yake kulikuwa na boksi la chuma la duara lililoshindiliwa karatasi za mfuko wa saruji. Ndani, waya wa moto ulikuwa umesokotwa na mwenzake mara tatu, utepe umeyeyuka na kuganda kama lami, na ncha moja ilikatika tulipoigusa, ikaacha unga mweusi kidoleni. Tumeunganisha kwa viungio vya skurubu, na soketi zote mbili zinawaka.

Yanayobaki ni haya. Boksi lina paipu tatu: moja inashuka kwenye soketi, moja inapanda kwenye slabu, na ya tatu inaingia ndani zaidi ya ukuta, upande wa nje. Kabla ya kufunga tulipenyeza waya wa chuma kutoka kwenye boksi kwa kupitia paipu inayopanda, ukaenda mita 3.9. Na kwenye waya uliokatwa wa paipu ya tatu, baada ya kuwasha meinswichi, multimita inasoma volti 68.

#30 Mhandisi wa Nyegezi
Hongera sana. Sasa Mwashi ajibu. Kutoka kwenye boksi hadi slabu ni mita 0.5, mshazari ni 6.0, na kushuka kwenye meinswichi ni 1.2, jumla 7.7. Waya umeingia 5.4 upande mmoja na 3.9 upande mwingine, jumla 9.3. Haiwezekani kupenyeza mita 9.3 ndani ya paipu ya mita 7.7 bila ncha kukutana. Paipu hii imefuata kuta, yaani 0.5, 8.4 na 1.2, jumla mita 10.1, na kuna mita 0.8 tu zisizofikiwa, karibu na kona.

#31 Mwashi wa Igoma
Nimepokea, lakini sikubali bado. Waya wa chuma ulioviringishwa muda mrefu hujikunja ndani ya mpira kama konokono, na kipimo kinadanganya. Pia amesema midomo iko mitano kwenye meinswichi. Huenda zile mita 5.4 ziko kwenye paipu nyingine kabisa.

#32 Mzee wa Musoma
Au ncha zote mbili zimepishana pale kwenye kiungo bila kugusana. Mpira wa maji una nafasi ya kutosha kwa jambo hilo.

#33 Fundi Nyakato
Volti 68 ndizo zinazonihangaisha mimi. Ile paipu ya tatu ni ya taa za nje alizozikumbuka mama, na waya huo unaweza kuwa umeunganishwa mahali na saketi nyingine. Nimewahi kupigwa na nyutro iliyoazimwa kutoka kwenye taa ya ngazi wakati breka ya chumba nilichokuwamo imezimwa.

#34 Mhandisi wa Nyegezi
Au ni volti ya kuazima kutoka kwenye nyaya jirani. Multimita ya kidijitali ina ukinzani mkubwa sana, haivuti mkondo wowote wa maana, na huonyesha hata kivuli. Afunge balbu ya wati 60 kati ya waya huo na ethi kwa sekunde moja: kama ni kivuli, volti zitaanguka hadi karibu na sifuri.

#35 Mwana Isamilo
Tumefanya hivyo jioni hii, fundi akiwa amesimama pembeni. Balbu haikuwaka, na kipimo kilishuka hadi volti 2. Lakini tulipozima breka ya jikoni peke yake, zile volti 68 zikawa 31, na tulipoiwasha zikarudi. Jikoni iko upande wa pili wa nyumba.

#36 Fundi Nyakato
Basi nyaya za jikoni zinapita sambamba na paipu ya tatu kwa urefu mkubwa, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepataja. Usizibe boksi kwa plasta. Funga kifuniko cheupe cha skurubu, ziba ncha ya waya huo, na usitoboe ukuta wa nje kabla hatujapajua.

#37 Mwana Isamilo
Kifuniko kimefungwa. Nimepiga picha ya boksi likiwa wazi, futi ya chuma ikiwa imelazwa kando yake kutoka sakafuni hadi slabu, na nimeibandika ndani ya mlango wa meinswichi. Mama ameomba kile kipande cha plasta kitupwe. Kesho usiku nitachukua tochi nikaanze na ukuta wa jikoni.